Kiti cha Afrika katika Baraza la Usalama: Funzo kutoka Kibondo na Kasulu

Katika madarasa ya itikadi wilayani Kibondo na Kasulu swali moja huulizwa mara kwa mara: kwa nini kada wa Chama, ambaye kila siku anakabiliana na bei ya mbolea, upungufu wa madawati na ubovu wa barabara, atumie muda wake kujifunza muundo wa chombo kinachokaa New York? Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa kumwambia muulizaji kwamba mambo hayo ni makubwa kuliko yeye. Hujibiwa kwa kumwonyesha jinsi mambo hayo yanavyofika mlangoni kwake.

Jibu letu ni hili. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linapochelewa kuamua juu ya Burundi, Rwanda au Kongo, gharama ya kuchelewa huko hailipwi na wale waliochelewa. Hulipwa na mkulima wa maharage na muhogo wa Makere, ambaye huamka na kukuta maelfu ya watu wakitafuta maji na kuni katika msitu uleule anaoutegemea. Hulipwa na mama aliyetembea kwa miguu siku nyingi na mtoto mgongoni. Kwa hiyo nani anakaa katika Baraza hilo, na anakaa kwa haki gani, ni suala la wananchi wa Kigoma kama lilivyo suala la mabalozi.

Katika makala haya tutaeleza Baraza hilo ni chombo gani, upungufu wake una chimbuko gani, Afrika inadai nini, na mwisho ukinzani uliomo ndani ya madai yetu wenyewe. Jambo hili la mwisho mara nyingi hurukwa. Sisi tunaona kwamba kada asiyejua udhaifu wa hoja yake hawezi kuitetea.

BARAZA LA USALAMA NI CHOMBO GANI?

Umoja wa Mataifa una vyombo vingi, lakini viwili ndivyo vinavyotuhusu hapa. Cha kwanza ni Baraza Kuu, ambamo kila nchi ina kura moja, iwe Tanzania au Marekani. Maazimio yake juu ya amani na usalama yana uzito wa kisiasa, lakini hayamlazimishi mtu. Cha pili ni Baraza la Usalama. Kwa mujibu wa ibara ya 24 na 25 za Mkataba wa Umoja wa Mataifa, Baraza hili linatenda kwa niaba ya wanachama wote, na wanachama wote wamekubali kutekeleza maamuzi yake. Ndilo linaloweza kuweka vikwazo, kupeleka majeshi ya kulinda amani na kuruhusu matumizi ya nguvu.

Baraza hili lina wajumbe 15. Watano ni wa kudumu: Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China. Kumi huchaguliwa na Baraza Kuu kwa kipindi cha miaka miwili na hawaruhusiwi kuchaguliwa tena papo hapo. Katika hao kumi, Afrika ina viti vitatu. Azimio hupita kwa kura tisa, lakini katika mambo yasiyo ya utaratibu tu, kura moja ya kukataa ya mjumbe wa kudumu hulibatilisha. Hiyo ndiyo kura ya turufu.

Tuchukue mfano wa kijiji. Tuseme kijiji kilianzishwa na kaya 51. Kaya tano zilizokuwa na nguvu siku hiyo zikaandika katika sheria kwamba zitakaa katika halmashauri ya kijiji daima, wao na vizazi vyao, na kwamba yeyote kati yao akisema hapana, shauri limekufa. Leo kijiji kina kaya 193. Kaya 54 zinatoka katika kitongoji kimoja, na mashauri ya kitongoji hicho hujaza ajenda ya halmashauri mwaka hadi mwaka. Hata hivyo hakuna kaya moja ya kitongoji hicho yenye kiti cha kudumu. Mwanakijiji yeyote wa Kasulu ataona mara moja kwamba sheria hiyo haina haki. Kitongoji hicho ni Afrika.

CHIMBUKO LA UPUNGUFU HUU

Upungufu huu si ajali. Mkataba ulitiwa saini San Francisco tarehe 26 Juni 1945. Kati ya nchi 51 zilizoanzisha Umoja huo, nne tu zilikuwa za Afrika: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho ilikuwa chini ya serikali ya Wazungu wachache. Sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa mali ya watu waliokaa mezani. Uingereza na Ufaransa zilipata viti vya kudumu zikiwa bado zimekalia makoloni. Kwa maneno mengine, bara letu lilihesabiwa katika nguvu za wengine.

Wananchi wa Kibondo na Kasulu wana ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1919, baada ya vita kuu ya kwanza, Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana namna ya kugawana lililokuwa koloni la Wajerumani. Ruanda na Urundi zikawekwa chini ya Ubelgiji, na Tanganyika chini ya Uingereza. Waha, ambao lugha yao na Kirundi husikilizana, wakawekwa upande mmoja wa mstari, na majirani na jamaa zao upande wa pili. Hakuna aliyewauliza. Baada ya vita kuu ya pili nchi hizo zote zikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mwalimu Nyerere alipokwenda New York mwaka 1955 kuisemea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini, alikwenda kusikilizwa. Haki ya kupiga kura tuliipata baada ya uhuru, tulipojiunga na Umoja huo Desemba 1961.

MAGEUZI YA MWAKA 1963 NA FUNZO LAKE

Wapo wanaosema kwamba Baraza hili haliwezi kubadilishwa kwa sababu wakubwa hawatakubali. Historia inawakanusha.

Hapo mwanzo Baraza lilikuwa na wajumbe 11, yaani watano wa kudumu na sita wa kuchaguliwa. Nchi za Afrika na Asia zilipopata uhuru zilidai nafasi. Tarehe 17 Desemba 1963, siku moja tu baada ya Kenya na Zanzibar kupokelewa kuwa wanachama, Baraza Kuu lilipiga kura juu ya azimio 1991 la kuongeza viti vya kuchaguliwa kutoka sita hadi kumi, na kutenga vitano kati yake kwa Afrika na Asia. Kura 97 ziliunga mkono, 11 zilipinga na nne hazikufungamana. Ufaransa na Urusi ya Kisovieti zilipinga. Uingereza na Marekani hazikupiga upande wowote. Katika wajumbe watano wa kudumu ni kiti cha China tu, kilichokuwa kimeshikwa na serikali ya Taipei, kilichounga mkono.

Lakini nini kilifuata? Mabadiliko ya Mkataba huhitaji theluthi mbili ya wanachama wote, kisha kuridhiwa na theluthi mbili hiyo pamoja na wajumbe wote watano wa kudumu. Mmoja tu angeweza kuyazuia. Hata hivyo kufikia tarehe 31 Agosti 1965 wote watano walikuwa wameridhia, na mabadiliko yakaanza kutumika. Hawakuridhia kwa huruma. Waliona kwamba kuukataa umma wa mataifa mapya, uliokuwa umesimama pamoja, kungewagharimu zaidi kuliko kuukubali.

Funzo ni kwamba turufu ina nguvu kubwa dhidi ya nchi mojamoja, na ina nguvu pungufu dhidi ya umoja wa wengi. Funzo hilohilo lilionekana tarehe 25 Oktoba 1971, Jamhuri ya Watu wa China iliporudishiwa kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35, ingawa Marekani ilipinga. Nchi za Afrika zilitoa mchango mkubwa katika ushindi huo, na balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa mmoja wa waliousukuma.

Pamoja na hayo, ushindi wa 1963 ulikuwa na upungufu. Uliongeza viti vya muda, na turufu haukuigusa. Tangu mwaka 1965 muundo wa Baraza haujabadilika tena.

USHAHIDI WA MPAKANI

Sasa tuangalie jinsi muundo huu ulivyofanya kazi katika eneo letu.

Mwaka 1972 watu wengi sana waliuawa Burundi. Wakimbizi walivuka kuingia Kigoma, na Tanzania ikawapa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baraza la Usalama halikuchukua hatua. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na mawimbi ya watu yakaingia Ngara, Kibondo na Kasulu. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, Baraza lilipitisha azimio 912, na kwa azimio hilo likapunguza jeshi la Umoja wa Mataifa nchini humo kutoka askari wapatao 2,500 hadi 270. Wiki moja baadaye, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi.

Amani ya Burundi ilitafutwa na kanda yenyewe. Mwalimu Nyerere aliongoza mazungumzo ya Arusha hadi alipofariki Oktoba 1999, Mzee Nelson Mandela akayaendeleza, na Mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipeleka jeshi lake la kwanza la kulinda amani, na askari wake walitoka Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Baraza la Usalama lilikubali kupeleka jeshi la Umoja wa Mataifa kwa azimio 1545 la tarehe 21 Mei 2004, na askari walewale wa Kiafrika waliokuwapo wakavishwa kofia za buluu.

Mwaka 2005 na 2006 Tanzania ilikuwa mjumbe wa kuchaguliwa, kama ilivyokuwa mwaka 1975 na 1976. Januari 2006, zamu ya uenyekiti ilipotufikia, Tanzania iliitisha mjadala wa mawaziri juu ya eneo la Maziwa Makuu, ukiongozwa na Waziri Asha-Rose Migiro, na tarehe 27 Januari Baraza likapitisha azimio 1653 juu ya eneo zima. Hapa tunaona maana ya uwakilishi. Nchi iliyowapokea wakimbizi ilipopata kiti, jambo la wakimbizi lilipanda mezani. Mwisho wa mwaka huo kipindi chetu kilikwisha, na kiti kikaondoka pamoja na uzoefu wake.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalifahamu. Ndani ya Baraza, kila shauri lina nchi "inayoshika kalamu", yaani inayoandika rasimu ya azimio. Kwa mashauri mengi ya Afrika kalamu hiyo imekuwa mikononi mwa Ufaransa, Uingereza au Marekani, na kwa Kongo imeshikwa na Ufaransa. Mwenye kuandika rasimu ndiye anayeweka mipaka ya mjadala; wengine husahihisha maneno.

Damu, hata hivyo, haifuati kalamu. Mwaka 2013 azimio 2098 liliunda brigedi maalumu ya kupambana na vikundi vya silaha mashariki ya Kongo, na askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilishambuliwa, na si chini ya askari 14 wa Tanzania waliuawa. Anayesema kwamba Afrika haijachangia kiasi cha kustahili kiti cha kudumu aeleze kwanza mchango huo anaupima kwa mizani gani.

MADAI YA AFRIKA

Madai ya Afrika yalitamkwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika katika Azimio la Harare la mwaka 1997, yakakamilishwa na Umoja wa Afrika katika Mwafaka wa Ezulwini wa Machi 2005 na Azimio la Sirte la Julai mwaka huo. Kwa ufupi ni haya: Afrika ipate viti visivyopungua viwili vya kudumu, vyenye haki zote za wajumbe wa kudumu pamoja na turufu, ipate viti vitano vya kuchaguliwa, na Umoja wa Afrika wenyewe uchague nchi za kuiwakilisha. Baraza lote lingekuwa na wajumbe 26.

Mara nyingi huulizwa: mbona Afrika inasema turufu ni mbaya, halafu inaidai? Mwafaka wa Ezulwini unalijibu hilo. Kwa msingi, Afrika inataka turufu ifutwe. Lakini maadamu ipo, ni haki iwe ya wajumbe wote wa kudumu. Kada ataelewa hoja hii akikumbuka kwamba aliyebaguliwa ana haki ya kudai usawa ndani ya utaratibu mbaya huku akipigania kuuondoa.

Mwaka 2005 nafasi ilikuwapo. Brazil, Ujerumani, India na Japani zilikuwa na rasimu ya wajumbe 25, Afrika ilikuwa na yake ya 26, na zilitofautiana hasa juu ya turufu. Agosti mwaka huo viongozi wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikataa kulegeza msimamo. Hakuna rasimu iliyopigiwa kura. Mwaka 2009 mazungumzo baina ya serikali yalianza, na yamekuwa ya kuzunguka. Mwezi Septemba 2024 Marekani ilitangaza kuunga mkono viti viwili vya kudumu kwa Afrika, lakini bila turufu. Mwezi huohuo Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Mustakabali, uliotamka kwamba dhuluma ya kihistoria dhidi ya Afrika irekebishwe kwa kipaumbele.

KITI CHA NANI?

Hapa ndipo tunapofika kwenye ukinzani wa ndani, na ni lazima tuuseme bila kuficha.

Azimio 912 la mwaka 1994 lilipita kwa kauli moja. Viti vitatu vya Afrika wakati huo vilishikwa na Djibouti, Nigeria na Rwanda yenyewe, na mwakilishi wa Rwanda aliisemea serikali iliyokuwa ikiua wananchi wake. Afrika ilikuwapo mezani. Je, mwananchi wa Rwanda aliwakilishwa? Kwa hiyo kiti peke yake hakitoshi. Kiti bila maagizo ya pamoja ni kiti cha serikali moja, na serikali moja inaweza kukitumia kwa faida yake au kwa kuua.

Mfano wa pili. Umoja wa Afrika ulianzisha Baraza lake la Amani na Usalama mwaka 2004. Lina wajumbe 15 wanaochaguliwa kwa kanda tano. Halina kiti cha kudumu wala turufu. Kwa muundo, ni la haki kuliko lile la New York. Lakini Desemba 2015, Burundi ilipokuwa inawaka, Baraza hilo liliidhinisha askari 5,000, na Januari 2016 mkutano wa wakuu wa nchi haukukubali wapelekwe bila ridhaa ya Burundi. Julai 2016 Baraza la Usalama nalo liliidhinisha polisi 228 kwa azimio 2303. Burundi ikakataa, hawakwenda. Wakati huo Nyarugusu ilikuwa imefurika, Nduta ilikuwa imefunguliwa tena Oktoba 2015, na Mtendeli Januari 2016. Muundo wa haki bila utashi ni sawa na zahanati nzuri isiyo na dawa.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi. Umoja wa Afrika uliiteua Kenya kugombea kiti cha 2021 na 2022. Djibouti ilikataa uteuzi huo, ikagombea, na Juni 2020 ndugu wawili wa kanda moja wakashindanishwa mbele ya dunia hadi Kenya iliposhinda katika duru ya pili. Ikiwa kiti cha miaka miwili kilituletea ugomvi huo, kiti cha kudumu kitaleta nini?

Tunatoa hitimisho moja: viti vya kudumu viwe vya Afrika, visiwe mali ya nchi itakayovikalia. Umoja wa Afrika uteue, utoe maagizo, upokee taarifa, na uwe na uwezo wa kumwondoa mwakilishi anayekiuka maagizo. Na mwenye kutoa maagizo lazima awe na chake mkononi. Julai 2016 wakuu wa nchi walikubaliana kutoza asilimia 0.2 ya bidhaa zinazoingizwa kutoka nje ya bara ili Umoja ujigharimie, lakini utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Azimio 2719 la Desemba 2023 linaruhusu Umoja wa Mataifa kuchangia hadi asilimia 75 ya gharama za majeshi ya amani ya Afrika, ila kila mara Baraza liamue. Anayelipa askari ndiye anayeamua waende lini. Kujitegemea si jambo la jembe na shamba peke yake.

NUSU KITI AU KITI KIZIMA?

Je, tukubali kiti cha kudumu bila turufu? Wapo wanaosema tukubali, kwa sababu msimamo wa yote au hapana umetuacha mikono mitupu tangu 2005. Wapo wanaosema tukatae, kwa sababu tutakuwa wajumbe wa daraja la pili. Kila upande una sehemu ya ukweli.

Mwaka 1963 tulikubali hatua nusu, na ilikuwa na faida. Lakini hatua ya pili haikuja. Wala ahadi ya maandishi si dhamana. Ibara ya 109 ya Mkataba iliagiza kwamba pendekezo la kuitisha mkutano wa kuupitia upya liwekwe katika ajenda mwaka wa kumi. Liliwekwa mwaka 1955, na mkutano haujafanyika hadi leo.

Kwa hiyo dhamana ni kura zenyewe. Theluthi mbili ya wanachama 193 ni 129. Nchi 54 za Afrika peke yake haziwezi kupitisha mabadiliko. Zinahitaji wenzao 75. Lakini zikisimama pamoja na nchi nyingine 11 tu, hakuna mabadiliko yoyote yatakayopita bila ridhaa yao. Hiyo ni turufu ya wanyonge, na haikuandikwa na mtu mwingine. Msimamo wetu ni kwamba Afrika isiuze turufu hiyo kwa ahadi. Ikiwa itakubali kiti bila turufu, ikubali kama kituo cha njiani, kwa uamuzi wa wote 54, na kwa sharti la kuzuia turufu isitumike pale panapofanyika mauaji ya umati. Hatua inayochukuliwa na nchi mojamoja zikibembelezwa kwa misaada itakuwa mgawanyiko, hata ikiitwa ushindi.

WAJIBU WA KADA

Juni 2025 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilichaguliwa kuwa mjumbe kwa mwaka 2026 na 2027. Nchi ambayo watu wake waliifanya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996 imepata kiti cha miaka miwili, na baada ya hapo itatoka. Kada anayefundisha Kibondo au Kasulu ana mfano hai mkononi.

Kazi yake ni tatu. Kwanza, aeleze kwamba mkimbizi hakuleta taabu ya kuni na maji kwa kupenda kwake. Wote wawili, mwenyeji na mgeni, wamebebeshwa mzigo wa maamuzi waliyonyimwa sauti. Asiyeeleza hivyo huacha nafasi kwa chuki. Pili, awafundishe wananchi kuuliza mwakilishi wa Afrika alipiga kura gani, kama wanavyomuuliza diwani. Tatu, adai ndani ya kijiji kile tunachokidai New York. Halmashauri ambayo wakubwa watano huamua na wengine hupiga makofi haina haki ya kulaumu Baraza la Usalama.

Usawa wa binadamu ni imani ya Chama chetu. Imani hiyo haina mpaka Mabamba wala Manyovu, na haiishii kwenye ngazi za jengo la Umoja wa Mataifa.